Pikipiki mpya ya lami na vumbi: nisubiri kilomita 1,000 ndipo niingie porini?

Swali: "Shikamoo fundi. Nimenunua pikipiki mpya, zile ndefu za kwenda lami na vumbi, silinda moja, cc 300 hivi, inapozwa kwa maji. Mpaka sasa ina kilomita 60 tu. Fundi mmoja kaniambia niiendeshe kama nimebeba mayai, nisizidi kilomita 50 kwa saa mpaka ifike kilomita 1,000, na porini nisiisogeze kabisa. Mwingine kasema niifungulie moto tangu siku ya kwanza, eti ukiibembeleza itakuwa mvivu maisha yake yote. Jumamosi ijayo wenzangu wana safari ya kilomita 400 za lami, kwenda na kurudi, na roho inaniuma kubaki. Nifuate lipi? Na nitaanza lini kuifurahia?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa chombo.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalofungua mengine. Anza kuifurahia leo, tena anzia porini. Sisemi kwenye matope ya kufika magotini wala kwenye mchanga mzito. Huko kuna siku yake, nitaeleza. Nasema ile barabara ya vumbi yenye vilima na kona, ambayo kila baada ya mita mia mbili inakulazimisha ubadili gia. Pikipiki mpya haina shule nzuri kuliko hiyo. Lami ndefu iliyonyooka, ambayo watu huiona ya heshima kwa injini changa, ndiyo inayoidumaza.

Hao mafundi wako wawili kila mmoja ameshika mguu mmoja wa tembo. Ukijua kinachotendeka ndani ya silinda utawaelewa wote wawili.

Ukuta wa silinda mpya si laini kama kioo. Kiwandani huchorwa kwa makusudi mikwaruzo midogo ya mshazari, inayokatana kama wavu, ili ishike oili na isage kidogo ringi za pistoni. Kwa macho yako ringi ni duara safi, lakini kwa kipimo cha mikroni bado hazijakutana na ukuta kila mahali. Lazima zisagane mpaka zizoeane. Na kinachozibana ukutani si ule mkunjo wake peke yake. Ni gesi ya mlipuko inayoshuka ikapenya nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Ukivuta mafuta, ringi inabanwa barabara. Ukiachia huku gia bado imeshika, mbano unalegea, na utupu unaojitokeza juu ya pistoni huvuta oili kidogo ipande ukutani, ioshe chembe zilizosagika na kupooza palipopata joto. Bana, legeza, bana, legeza. Hiyo ndiyo kazi yote.

Sasa mrudie mbeba mayai. Anaikosesha injini ule mbano. Oili iliyobaki ukutani inaungua polepole, inaganda kama vanishi nyembamba na kuijaza ile mikwaruzo kabla ringi hazijakaa. Injini kama hiyo inaanza kula oili ikingali inanukia dukani. Yule wa kufungulia moto anaupata mbano, hilo simnyimi, ila anapata pamoja nalo joto la kupita kiasi mahali ambapo vyuma bado vinaparuzana, na siku ringi inaposhika ukuta kwa ubaya hakuna wa kukurudishia silinda yako. Aliposema uvivu unatokana na kubembelezwa, hakukosea sana. Alikosea dawa.

Mimi somo hili nililipia. Pikipiki yangu ya kwanza mpya niliichukua na siku hiyohiyo nikaipeleka barabara kuu, tambarare tupu, gia ya mwisho, kasi moja kwa saa tatu mfululizo. Nilijiona mstaarabu kweli, sikuikimbiza hata mara moja. Miaka yote niliyokuwa nayo ilikula oili, na kila asubuhi ilinitolea moshi wa buluu kama salamu. Sikuwa nimeendesha kasi. Nilikuwa nimeendesha kwa namna moja tu, na mkono wa mafuta haukusogea.

Kwa hiyo usinitafutie kasi fulani usiyotakiwa kuivuka. Kilomita 50 kwa saa kwenye gia ya sita ukipanda mlima ni adhabu kwa injini: inatetemeka, inagonga, haipumui. Kilomita 70 kwenye gia inayostahili, ukivuta nusu ya mafuta kisha ukaachia, ni mazoezi. Angalia mizunguko ya injini na mkono wako. Mshale wa kasi uachie askari wa barabarani.

Namba zenyewe zimo kwenye kitabu kilichokuja na pikipiki, na kitabu hicho kina mamlaka kuliko mimi na kuliko wale mafundi wawili. Vitabu vya kampuni havifanani. Honda kwa pikipiki zake nyingi hutaja kilomita 500 za mwanzo: usiondoke kwa mafuta yote, usivute ghafla, usikamate breki kwa nguvu, usishushe gia kwa pupa. Yamaha kwa kawaida hutaja hatua mbili, hadi kilomita 1,000, halafu hadi 1,600, na kila hatua ina kikomo cha mizunguko ambacho hutakiwi kukaa juu yake kwa muda mrefu. Tazama hilo neno "kwa muda mrefu". Hawakukataza kugusa. Kawasaki mara nyingi huzigawa zile 1,600 katikati, 800 kwa 800. Ukivisoma vyote kwa pamoja utaona vinaimba wimbo mmoja: badilisha-badilisha, usizidishe, usikae mahali pamoja.

Siku yako moja ya kuizoesha iende hivi. Washa, iache dakika moja au mbili, usiiache ikinguruma robo saa stendini. Hapo haibanwi, haipati upepo, inaunguza mafuta tu. Ondoka taratibu na uiendeshe kwa upole kilomita tatu nne mpaka maji na oili vipate moto. Kisha tafuta vilima. Gia ya tatu, shuka mpaka mizunguko ya chini ambayo injini bado inavuta bila kulalamika, vuta mafuta nusu hadi robo tatu mpaka mizunguko ya kati, achia, iteremke yenyewe bila breki, rudia. Panda gia, fanya tena. Nusu saa, simama, izime, ipoe kabisa. Chuma kipya hupata moto, kikatanuka, kikapoa, kikajikunja. Mara chache za hivyo kabla ya kazi kubwa hazipotezi kitu, na wewe unapata nafasi ya kuizunguka pikipiki ukiwa umekunja mikono. Safari ya kwanza usishtuke ukiona moshi mwembamba ukitoka kwenye bomba la ekzosi karibu na injini pamoja na harufu kama ya nta: ni mafuta ya kiwandani yanaungua. Bomba likigeuka rangi ya dhahabu, kisha buluu, ni joto tu; usilisugue.

Sasa kwa nini nimekataza mchanga na matope mazito? Kwa sababu huko unavuta mafuta mengi, magurudumu yanazunguka, kasi ni ya mtembea kwa miguu, klachi imeshikwa nusu, feni inalia, na hakuna upepo unaoingia kwenye rejeta. Ni joto lote la yule mfungulia moto bila faida yake. Subiri mpaka umwage oili ya kwanza. Yenye injini ya kupozwa kwa hewa, ya kwako sio, isubirishwe zaidi.

Na hiyo oili ya kwanza uimwage wewe mwenyewe kama unaweza, au simama juu ya kichwa cha fundi anapoimwaga. Ndipo injini inapokueleza imelalaje. Weka beseni safi, fungua nati ya chini injini ikiwa ya vuguvugu, usiondoke. Oili ya kilomita mia chache za mwanzo haitoki nyeusi. Inatoka ya kijivu-kijivu, na ukiinamisha beseni juani utaona mng'ao unaozunguka ndani yake, kama rangi za kucha za kung'aa zilizomwagika. Ichovye kidole, uisugue na kidole gumba. Usiposikia punje yoyote, ule mng'ao ni vumbi la chuma la kusagana, ni la kawaida kabisa, na ndiyo maana unaitoa. Ukisikia chembe ngumu, au ukaona kipande unachoweza kukiokota kwa kucha, funga kila kitu, kipige picha, irudishe kwa aliyekuuzia ikiwa bado iko chini ya dhamana. Badilisha na chujio la oili pia, hata kama mtu atakuambia bado ni zima. Mimi huimwaga mapema, kati ya kilomita 300 na 500, kisha tena pale kitabu kinapotaka, kwa kawaida 1,000. Ile ya mapema haijaandikwa mahali pengi. Ni woga wangu, na oili ni rahisi kuliko pistoni.

Oili yenyewe iwe na alama ya JASO MA au MA2 kwenye kopo. Klachi ya pikipiki yako inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi za magari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano. Msuguano ndio unaoiwezesha klachi kushika. Ukitia ya gari, siku moja utavuta mafuta, injini itapiga kelele na gurudumu halitaongeza mwendo.

Kufika hapa watu hudhani kuzoesha pikipiki kumekwisha. Kwa pikipiki hizi ndefu, injini ni kama theluthi tu ya habari. Spoki, kwa mfano.

Gurudumu la spoki linaposukwa kiwandani, kila spoki hukazwa, lakini kichwa chake bado hakijakaa vizuri kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na nipeli yake, kile kinati kinachoikaza, haijakaa kwenye rimu. Barabara ya vumbi ndiyo inayozikalisha, na zikikaa zinalegea. Baada ya safari yako ya kwanza ya mashimo, ipandishe pikipiki gurudumu liwe hewani, chukua bisibisi, lizungushe polepole ukigonga kila spoki karibu na katikati yake. Iliyokaza inajibu "ting". Iliyolegea inajibu "dup", kama umegonga kijiti kibichi. Huhitaji masikio ya mwanamuziki. Baada ya spoki tano utaanza kusikia yenyewe ile isiyoimba na wenzake. Ikaze robo mzunguko, usizidishe, kisha zunguka tena, maana ukikaza moja unaigusa na jirani yake. Zikiwa nyingi zimelegea, mpelekee fundi wa magurudumu ainyooshe rimu kwanza. Fanya hivyo kila baada ya safari mpaka ufike wakati unagonga gurudumu zima na spoki zote zinajibu sauti moja. Niliwahi kupuuza "dup" mbili upande wa nyuma. Nilirudi nyumbani na spoki tano zimekatika na rimu yenye umbo la yai.

Halafu bolti. Silinda moja inatikisa, na mtikiso wa mwanzo hutafuta kila nati iliyokazwa kwa uvivu: vikanyagio, vioo vya pembeni, kishikio cha namba, kinga ya cheni, ekzosi. Chora mstari mdogo wa rangi kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma ilichokalia. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Dakika mbili kwa jicho, bila spana.

Cheni mpya nayo inarefuka haraka mwanzoni, halafu inatulia. Hapa kuna kosa ninaloliona kila mara: mtu anatoka kwenye pikipiki ya mjini, anaona cheni ya hii inaning'inia, anaikaza iwe nadhifu. Usiikaze kwa unadhifu. Gurudumu lako la nyuma lina safari ndefu ya kupanda na kushuka, na kuna mahali katikati ya safari hiyo ambapo sproketi ya mbele, kiungo cha mkono wa nyuma (ule unaoshika gurudumu la nyuma) na ekseli vinakuwa kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inapovutika kuliko kwingine kote. Kama ulipopima imesimama ilikuwa imekaza, hapo itavuta beringi ya shafti ya gia mpaka iipasue sili. Pima pale kitabu kinaposema, kwa milimita kinazosema. Kama utakosea, kosea upande wa kulegea kidogo.

Tairi mpya zina utelezi wa ngozi ya nje. Kilomita 150 za mwanzo usiilaze pikipiki sana kwenye kona za lami. Na tairi za meno marefu, hata zikizeeka, kwenye lami yenye maji zitakukumbusha kuwa hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Pedi za breki: tafuta mahali patupu, kamata kwa kiasi kutoka mwendo wa kati mara kumi hivi bila kusimama kabisa, ukiacha zipoe kila baada ya mara moja. Zitabadilika mkononi mwako kabla hujamaliza. Nyaya za klachi na za mafuta zikilegea, kaza pale kwenye kirekebishio. Ni za kawaida pia.

Nimesema mengi ya chuma. Sasa wewe.

Pikipiki hizi zimekuwa maarufu tangu Yamaha DT-1 ya 1968, na tangu siku hiyo zina tabia ileile: haziwi bora kwenye lami wala porini, na ndiyo maana zinafika kote. Kiti kirefu kinakutisha, cha Honda CRF300L kwa mfano ni milimita 880 kutoka chini. Usikimbilie kukikata. Teleza upande mmoja, simama kwa mguu mmoja uliokanyaga sawasawa. Kabla ya yote rekebisha mishikio ya mkononi: simama juu ya vikanyagio, magoti yamebana tanki kwa wepesi, viwiko vimefunguka, halafu uone vidole vinaangukia wapi. Mishikio ya breki na klachi ikikulazimisha ukunje kifundo ukiwa umesimama, izungushe ishuke kidogo. Wakati huohuo legeza bolti zake kidogo tu, kiasi kwamba mshikio usizunguke kwa vidole bali uzunguke kwa pigo. Utaanguka. Ukianguka, mshikio uliokazwa unavunjika. Uliokazwa kwa akili unageuka, unaurudisha, mnaendelea.

Upepo wa tairi kwenye lami uwe ule ulioandikwa kwenye pikipiki. Kwenye changarawe na mawe madogo mimi hupunguza mpaka kama psi 18, na kujaza tena kabla ya kurudi lami. Usishuke zaidi kwa tairi ya tyubu isiyo na kibano cha tairi ndani ya rimu: tairi litazunguka juu ya rimu na kung'oa valvu, au jiwe litakufinya pancha mbili kwa mpigo, kama kuumwa na nyoka. Na kama breki zako zina ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu lisifunge, na kuna swichi ya kuizima ya nyuma, izime kabla ya mteremko wa vumbi, kisha ujifunze kuihisi breki ya nyuma kwa mguu mahali tambarare kabla hujaitegemea kwenye mteremko.

Kilomita 500 za vumbi la vilima zitakufundisha mwendo ambao pikipiki inaupenda. Kuna sekunde, kwa kawaida siku ya tatu au ya nne, ambapo unaingia kona ya changarawe umesimama, gurudumu la nyuma linateleza upana wa kiganja, mwili wako haushtuki, macho yako yako mwisho wa kona, na mkono wa mafuta unaongeza kidogo badala ya kufunga. Pikipiki inajinyoosha yenyewe. Hutamweleza mtu akuelewe.

Vumbi lakini ni silika, na silika ni msasa. Chujio la hewa likipitisha vumbi wakati ringi zinakaa, umezisaga kwa kitu ambacho hukukikusudia. Fungua boksi la chujio baada ya kila siku ya vumbi zito. Futa kwa kitambaa cheupe ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini, upande ule wa baada ya chujio. Kitambaa kikitoka na rangi ya barabara, chujio halikukaa sawa au halina oili yake. La sponji huoshwa, likakaushwa kabisa, likatiwa oili yake na kukamuliwa. La karatasi hubadilishwa tu.

Basi, safari ya Jumamosi. Nenda. Lakini wiki hii fanya zile nusu saa zako za vilima mara kumi hivi, ufikishe kilomita 300 hivi, umwage oili Ijumaa. Waambie wenzako ukweli kwamba chombo ni kipya, uombe mpite barabara ya zamani yenye kona badala ya ile kuu. Wakikataa, basi kwenye ile kuu badilisha mwendo kila dakika chache, gia ya tano kwa muda, ya sita kwa muda, achia mafuta kwenye kila mteremko, na simameni mara moja kila saa. Mtakapokatiza kwenye vumbi, usimfuate mtu kwa karibu. Vumbi lake ni chakula cha injini yako. Mkisimama kujaza mafuta, isimamishe pikipiki wima, mtu mmoja akushikie, usubiri dakika tatu, utazame kidirisha cha oili kabla hujavua glavu.